Kopo la Vipande vya Mama Pindo

"Nakuambia yule fundi anatufunga," alisema Kengele, akilikamua shati mpaka likalia. "Ana kopo. Humo ndani mna vipande vya nguo zetu sote. Nimeviona kwa macho yangu haya mawili, sikusimuliwa."

Walikuwa wawili tu bombani asubuhi hiyo, kila mtu na beseni lake. Kengele alikuwa mpangaji wa chumba cha pili, na jina hilo alipewa na wapangaji wenzake kwa kuwa, kama kengele ya kanisani, alianza kulia kabla ibada haijaanza. Aliyekuwa akiambiwa ni mama mmoja mchanga wa chumba cha mwisho, mwenye mtoto wa miezi saba mgongoni. Huyo walimwita Kimya, na hakuna aliyehitaji kuuliza kwa nini.

"Vipande vya nini?" Kimya aliuliza, ingawa alijua.

"Vya nini tena, shoga? Unampelekea gauni alipunguze. Anakata. Kinachobaki hatupi, anakiweka. Sasa mtu mwenye akili zake anaweka pindo la suruali ya mume wa mtu la nini? Halafu anajua mambo ya watu kabla wenyewe hawajayatangaza. Nani anamwambia? Jiulize."

Kimya alikuwa anasugua nepi ambayo ilikwisha kutakata zamani. Maneno yalimjaa kinywani kama chai ya moto: kuyameza hawezi, kuyatema anaona haya. Mwisho akasema, "Labda anavitumia kutia viraka."

Kengele akacheka. "Viraka. Wewe mtoto utachinjwa huku unasifia kisu." Akajitwisha beseni lake, akaenda kuanika.

Kimya akabaki pale anawaka. Hasira zenyewe hazikuwa zote za Kengele. Miezi sita ameketi ubavuni kwa yule mama, anakunywa chai yake, anajifunza kazi kwake, na siku mama wa watu anapakwa matope, utetezi wote alioweza kuutoa ni viraka.

Basi na asemewe sasa, maana bombani hakusemewa.

Mama Pindo alikuwa fundi wa cherehani kwa miaka thelathini na ushei, lakini hakushona nguo mpya. Hizo aliwaachia wenye macho. Kazi yake ilikuwa marekebisho: kupunguza, kupanua, kufupisha, kubadilisha zipu, kugeuza kola iliyochakaa ili upande mzima utazame juu. Cherehani chake kilikaa mlangoni, nusu chumbani nusu nje, kipate mwanga. Mteja akimharakisha, alimjibu, "Ngoja nimalize pindo, mwanangu. Mtu hudharauliwa kwa pindo." Ndiyo maana ya jina.

Kimya alimjia kwa mara ya kwanza akiwa na wiki tatu tangu ajifungue. Mtoto alizaliwa kabla ya siku zake, mdogo kama nusu mkate, na Kimya alikuwa na gauni moja la manjano lisilofunguka kifuani. Mama Pindo hakuuliza maswali. Alilipasua mbele pande mbili, akatia zipu ndogo mbili, akakata kilichozidi, akamrudishia. Kimya akaenda zake.

Siku chache baadaye aliamka mapema kwenda kumrudishia pini alizoazima. Akamkuta ameketi mbele ya cherehani, hajaanza kukanyaga, kopo la biskuti mapajani. Lilikuwa kopo la zamani, picha ya mfuniko imefutika yote. Alikuwa anatoa kipande kimoja kimoja, anakipapasa kwa vidole kama mtu anayechagua kitambaa dukani, anasema maneno mawili matatu, anakirudisha. Kisha akatoa kipande cha manjano.

"Na huyu binti wa chumba cha mwisho," alisema, kwa sauti ya mtu anayezungumza na mwenzake aliye jirani. "Gauni lake limelowa upande mmoja tu, Bwana. Maziwa ya kulia hayatoki, na mtoto mwepesi mno, nimempakata nikadhani nimepewa shuka. Mfungulie upande wa pili."

Kimya alisimama mlangoni na pini zake. Jambo lile hakumwambia mtu. Mumewe alikuwa mbali kwenye kazi ya ujenzi, mama mzazi hana, na muuguzi wa zahanati alishamfokea mara moja, akaona isifike mara ya pili. Machozi yalimtoka hapo hapo, wima.

"Nani alikuambia, mama?"

Mama Pindo hakushtuka. "Gauni lako."

Halafu akamweleza, kama unavyomweleza mtoto kutia uzi kwenye sindano. Nguo husema. Suruali ikiletwa kupunguzwa mara ya kwanza, mwenyewe kajinyima chakula. Ikirudi mara ya pili, ana mawazo. Mara ya tatu, ni ugonjwa. Shati la mwanamume likiletwa lifanywe la mtoto, nyumba hiyo ina kiti kitupu. Sare ya shule ambayo pindo limefumuliwa mpaka uzi wa mwisho, mtoto anakua na hakuna nyingine.

"Watu hawaniambii, na sitaki waniambie," alisema. "Wakiniambia nitaanza kuwapa ushauri, na ushauri wangu mimi haujawahi kumponya hata kuku. Naweka kipande nisisahau. Kichwa changu hiki kimechoka. Vidole ndivyo vinavyokumbuka."

"Na mtu akisaidiwa? Kipande unakitupa?"

Mama Pindo akainuka kidogo, akamwonyesha mto aliokuwa ameukalia. Ulikuwa umeungwa kwa vitambaa vidogo vidogo vya kila rangi, mamia, vingine vimepauka, vingine bado vinang'aa. "Waliojibiwa nimewakalia," alisema, akaketi tena.

Tangu siku hiyo Kimya alikuwa na kiti chake pale. Mtoto, aliyeitwa Kibonge, alilazwa kwenye kikapu cha nguo zinazosubiri, mama yake akashona vifungo. Mtoto akanenepa mpaka jina likamstahili. Ulipofika mwezi wa nne, kipande cha manjano kilitoka kwenye kopo kikaingia kwenye mto, na Kimya ndiye aliyekishona kwa mkono wake. Huo ndio uchawi uliokuwa ukitangazwa bombani.

Lakini kusema kweli ni kusema yote, hata yale yanayomuuma unayempenda. Mama Pindo alikosa, na alikosa vibaya.

Kila Jumatano alasiri kina mama walikusanyika kwenye ukumbi mdogo nyuma ya kanisa, madawati manne yakitazamana, kuomba. Kila mmoja aliomba kwa sauti kwa zamu. Jumatano moja Mama Pindo alifika amechoka, hata hatua zilikuwa nzito. Zamu yake ilipofika alifumba macho, na vidole vikaanza kupapasa hewa mapajani, kama vile kopo liko pale. Akasahau yuko wapi.

"Na mzee wa Mwenyekiti, Bwana," alisema. "Mwili unamwisha. Suruali mara ya tatu sasa."

Kisha akanyamaza, maana alisikia ukumbi ulivyotulia. Macho ya watu yalifunguka moja moja, ya kushoto kwanza.

Mwenyekiti wa kikundi alikuwa amewaambia watu wote kwamba mumewe ameacha sukari na anafanya mazoezi. Aliwaambia mara nyingi, bila kuulizwa. Sasa alikaa wima, mikono juu ya daftari la maombi, uso kama ukuta. Kabla jua halijazama mtaa mzima ulikwisha kumzika yule mzee na kugawana viatu vyake.

Mama Pindo alikwenda nyumbani kwake kuomba radhi. Alipokelewa mlangoni, akajibiwa mlangoni, mlango ukafungwa. Kesho yake, huku anatunga uzi, alimwambia Kimya, "Haja ya mtu ni kama nguo yake ya ndani. Kuifua unaweza. Huianiki barabarani. Mimi nimeianika."

Kosa ni kosa, na alilibeba. Ila baada ya hapo ndipo likaanza neno la kopo. Lilianza dogo: fundi ana mkono wa kuhifadhi. Likawa: fundi ana macho ya ajabu. Lilipofika kwa Kengele lilikuwa limeota pembe na mkia. Na waliolibeba ni walewale. Ni yule ambaye sketi yake ilipanuliwa akaombewa miezi tisa bila kujua. Ni yule wa sare ya shule, ambaye asubuhi moja alikuta sare nyingine imekunjwa mlangoni pake, akashukuru malaika. Wahenga walisema kikulacho ki nguoni mwako. Hawakusema kwamba anayekuponya naye anaweza kuwa nguoni mwako, na ukamtupa pamoja na chawa.

Jumamosi, baada ya maneno yale ya bombani, Kimya alikuwa anaanua nguo ua wa nyuma. Gauni la Mama Pindo, lile la bluu lenye nukta nyeupe la kwendea kwenye maombi, lilikuwa limeanikwa ndani nje. Mkono wake ukasimama kwenye mshono wa ubavuni. Palikuwa na mistari mitatu ya uzi, mmoja ndani ya mwingine, kama njia tatu zinazokwenda mahali pamoja.

Alilibeba mpaka mlangoni, akaliweka juu ya cherehani, mshono ukitazama juu.

"Mama, hili limepunguzwa mara tatu."

Mama Pindo aliukata uzi kwa meno. "Basi umeshajua kusoma," alisema.

Kulikuwa na uvimbe tumboni. Daktari aliuona, akapiga picha, akapanga siku: upasuaji si Jumatatu ya keshokutwa, bali ile inayoifuata. Alikuwa amekaa na habari hiyo mwezi mzima, huku anawapunguzia wengine.

"Umejiombea?"

"Nimewaombea wote." Akageuza gauni, akaanza kulikunja. "Nikifika kwangu naona aibu, mwanangu. Kama mtu aliyeshika upawa, anajipakulia nyama yeye kwanza huku wageni wanamtazama."

"Sasa si uende kwenye kikundi? Si ndiyo kazi yake?"

Ilikuwa kazi yake kweli. Kila aliyekuwa anakwenda hospitali, jina lake liliandikwa kwenye daftari, likasomwa, akawekwa katikati ya madawati, wakamwekea mikono. Hakukuwa na masharti. Kengele aling'olewa jino moja la nyuma, akaombewa kama mtu anayekwenda kubadilishiwa moyo.

Jumatano Kimya alimbeba Kibonge, akafika ukumbini wa kwanza, akaliandika jina la Mama Pindo kwa mkono wake mwenyewe. Aliandika polepole kwa herufi kubwa, kama alivyofundishwa darasa la kwanza, ili asije mtu akasema hakuliona. Mama Pindo akaja baadaye na begi lake la kazi, akaketi mwisho wa dawati.

Mwenyekiti akasoma. Aliyekuwa na mtihani, akasomwa. Aliyekuwa na safari, akasomwa. Akafunga daftari.

"Kuna jina moja nimeliruka," alisema, "na ninalisema wazi ili isiwe fitina. Si chuki. Lakini hatuwezi kumwombea mtu ambaye mkono mmoja umemshika Bwana na wa pili umeshika kopo. Alichome, tuletewe majivu hapa. Tutamwombea kwa furaha."

"Kwa furaha kabisa," Kengele aliitikia.

Kimya alihisi masikio yanapata moto. Alitazama dawati moja baada ya jingine. Kila aliyemtazama alikuwa ghafla na kazi ya kufanya: huyu anakung'uta vumbi la sketi, huyu anatafuta ukurasa.

Mama Pindo akasimama. Akafungua begi, na kumbe halikuwa na nguo za wateja. Akatoa kopo.

"Nimelileta," alisema. "Kuchoma sichomi. Mtu hachomi kisicho chake. Kila mmoja achukue cha kwake, akitaka kukichoma akachome kwake."

Akaanza kupita kwenye madawati. Hakuvitazama vipande, alitia mkono, akapapasa, akampa mwenyewe. Cha pinki kwa mke wa seremala. Cha kitenge kwa mama wa watoto watano. Hakuna alichokosea, na hakusema hata neno moja juu ya alichokuwa akikiombea. Hapakuwa na haja. Kila mtu alikitazama kipande chake, akakumbuka mwenyewe mwezi aliopeleka nguo ile na kilichokuwa kinamsumbua mwezi ule.

Alimpita Kengele.

"Na mimi?" Kengele akauliza. "Changu umekificha wapi?"

"Chako hakimo. Nimekikalia."

"Umekikalia?"

"Kipo kwenye mto wangu, mwenzangu. Tangu mwanao alipotoka hospitali mzima, ukaja hapa ukashuhudia, ukacheza mpaka kiatu kikakatika. Siku ile ile nilikishona."

Kengele alikitazama kiatu chake, akakivuta chini ya dawati.

Mwisho akafika mbele. Alitoa vipande vitatu vya kijivu, pindo la suruali na mikato miwili ya kiunoni, akaviweka kwenye kiganja cha Mwenyekiti, akamfunga vidole juu yake.

"Nilichokisema hapa siku ile hakikuwa changu kukisema. Nimekukosea mbele yao, basi nakuomba radhi mbele yao. Ila sikuacha kumwombea, na sitaacha. Hata vikiwa kwako hivyo, vidole vimeshashika."

Kidevu cha Mwenyekiti kilitikisika kidogo. Kimya alikiona, alikuwa karibu. Alidhani sasa hivi, sasa hivi yule mama ataanguka shingoni mwa mwenzake na walie wote wawili. Lakini Mwenyekiti akavuta pumzi, akavitia vipande mfukoni, na uso ukarudi kuwa ukuta.

"Asante. Suala hili nitalipeleka kwa wazee wa kanisa. Tufunge kwa wimbo."

"Wazee wanakutana lini?"

Watu waligeuka kumtafuta aliyesema. Ilikuwa ni Kimya, amesimama, Kibonge anamvuta hereni.

"Mwisho wa mwezi," alisema Mwenyekiti. "Keti, mwanangu."

"Yeye anapasuliwa Jumatatu."

"Mama Kibonge, keti. Mambo ya Mungu yana utaratibu."

"Jino la Kengele halikungoja wazee," alisema Kimya.

Mahali fulani kwenye madawati mtu alicheka, akakimeza kicheko chake kwa kikohozi. Kimya hakuketi. Sauti yake ilikuwa ndogo, lakini ilisikika, kwa kuwa hakuna aliyekuwa amewahi kuisikia na wote walitaka kujua inafananaje.

"Mimi sikusoma sana," alisema. "Ila nilifundishwa kwamba ukiombewa, nawe huomba. Humu ndani nani amewahi kumuuliza huyu mama anataka aombewe nini? Mmoja tu asimame, nami nitaketi."

Hakuna aliyesimama. Wakaimba. Waliimba kwa nguvu kuliko siku zote, beti zote nne, na vipande vyao vya nguo mikononi. Wimbo ulipokwisha wakavitia mikobani wakaondoka wawili wawili. Hakuna aliyekichoma chake, si siku hiyo wala baadaye. Na hakuna aliyegeuka nyuma.

Walirudi nyumbani kwa miguu, jua likiwa bado juu. Njia nzima Kimya alikuwa anasema peke yake, kama kopo lililotobolewa: wanafiki wakubwa, mioyo ya mawe, na siku zipu zikiwakatikia wataona watampelekea nani. Mama Pindo alikuwa amempakata Kibonge. Walipofika mlangoni ndipo aliposema, "Basi, mwanangu. Zipu nitazitengeneza. Ukikasirika hivyo maziwa yatakata."

"Usinichekeshe, mama. Nina hasira."

"Najua. Kaa nazo kidogo, ni za haki. Ila usilale nazo, zina kunguni."

Akaketi kwenye mto wake. Akaweka kopo juu ya cherehani, mfuniko wazi. Ndani hamkuwa na kitu, isipokuwa nyuzi mbili tatu na kutu ya pembeni. Alilitazama kwa muda, akavuta pindo la gauni lake la bluu, akaligeuza ndani nje, akamnyooshea Kimya mkasi.

"Kata hapa. Pale ulipoona mistari mitatu."

"Gauni zima, mama?"

"Kuna nguo iliyozidi humo ndani, niliikunja tu. Kata."

Kimya alikata. Kipande kilitoka kirefu kama kidole, bluu yenye nukta nyeupe, na rangi yake ilikuwa mpya kabisa kwa sababu haikuwahi kuona jua. Alitaka kukitia kwenye kopo, lakini Mama Pindo alilisukuma kopo lenyewe kuelekea kwake.

"Lichukue lote."

"Mama, mimi sijui kuomba. Naishia kusema Bwana amsaidie, Bwana amsaidie, kama kuku anayedonoa."

"Hata mimi sijui. Nasoma tu nguo, namsomea na Yeye." Vidole vyake vilipapasa mapajani, havikukuta kitu, vikatulia. "Nisikilize. Usimwambie mimi ni mtu mwema, anajua nilichofanya kwa Mwenyekiti. Usimwambie mapenzi yake yatimizwe, hayo yatatimia bila wewe kuhangaika. Mwambie naogopa. Mwambie sitaki kufa, bado nataka kuona huyu mtoto anatembea. Mimi nimejaribu kumwambia asubuhi tatu mfululizo, na kila nikianza najikuta nawaombea wauguzi. Nisemee wewe, mwanangu. Na useme kwa sauti, hapa hapa, nisikie."